Fremu ya Shangazi

Shangazi kaletewa fremu ya kidijitali kutoka Maskati, ile inayobadilisha picha yenyewe. Heshima ya kwanza iliyopewa ni kuvishwa kitambaa cha kufuma, vitundu vya kutolea joto vikazibwa. Ya pili: chaja yake ya volti 5 ilipopotea, ikachomekwa ya king'amuzi, volti 12, kwa hoja kwamba pini imeingia. Kweli imeingia, hata mwizi huingia. Waya umepitishwa chini ya zulia, wageni wanaukanyaga, halafu unakutana na pasi na friji kwenye ekstensheni moja.

Virusi je? Mwaka 2008 Best Buy ya Marekani ilikiri kwamba baadhi ya fremu ilizouza zilikuwa na virusi vya kompyuta. Shangazi hana kompyuta, kwa hiyo hana presha. Ana simu tu, ambayo vijana wa nyumbani wameiunganisha na fremu ili kila picha mpya ipande yenyewe.

Jumapili wakaja wakwe. Wakatazama: mjukuu, mjukuu, keki, kadi ya benki mbele na nyuma, mjukuu tena, kisha ujumbe wa mkopo uliopitiliza tarehe, herufi kubwa, jina kamili.

Wakwe wakasifu sana ung'avu wa rangi.