Makumbusho ya Mbuzi Aliyepotea

Mtu wa Lorugum, huku Loima, Turkana, akitaka kwenda kutazama historia ya polisi, ajiandae kwa vumbi. Itambidi afike Lodwar kwanza, ashike barabara ya Lokichar na Kainuk, apande Marich, na baada ya zaidi ya kilomita 200 ndipo aingie Makumbusho ya Kapenguria, yaliyofunguliwa mwaka 1993. Njiani historia hiyohiyo itamsimamisha kizuizini ikiwa hai, imevaa sare, inaulizia kitambulisho. Kapenguria ataonyeshwa seli za wale wapigania uhuru sita: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Karumba, Ngei na Oneko. Ataelezwa kesi yao iliyosikilizwa huko mbali ili umati usijae mahakamani, na jinsi Kenyatta na wenzake, baada ya hukumu ya 1953, walivyopelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, kutumikia miaka 7 ya kazi ngumu. Kwa kuwa Kenyatta alikuwa na umri mkubwa, alipewa kazi ya jikoni: serikali iliyomfunga kwa kuongoza Mau Mau ikamwachia aongoze sufuria. Mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar, akakaa huko chini ya ulinzi hadi 1961. Hayo yote ni mazuri kuyajua, lakini mgeni hutoka hapo akiwa amejifunza mengi kuhusu wafungwa na machache mno kuhusu yule aliyeshika ufunguo. Ndivyo ilivyo Fort Jesus pia, Mombasa, iliyokuwa jela tangu 1895 hadi 1958 na sasa inakata tiketi. Makumbusho ya namna hii ndiyo pekee ambayo wageni wa kwanza waliingia bure na kutamani kutoka.

Nadai kwamba historia halisi ya polisi haimo selini. Imo kwenye meza ya mapokezi, ndani ya lile daftari kubwa la matukio tunaloliita OB, na mahali pa kulionyesha ni makumbusho ya polisi hapa Lorugum. Wakenya wengi hawajawahi kushtakiwa kwa uchochezi wala hawatashtakiwa. Kilichowapeleka kituoni ni kitambulisho kilichodondoka sokoni, simu iliyobaki kwenye matatu, jirani aliyeazima toroli akajifanya amesahau. Unasimama kwenye foleni, unaeleza msiba wako mbele ya watu usiowajua, afisa anatafuta kalamu, kalamu haiandiki, unatoa yako, unapewa namba ya OB, na kalamu hairudi. Huku Loima kuna ukurasa mwingine wa kudumu, wa mifugo. Sisemi uvamizi, maana huo ni jambo la maziko na hauna mzaha. Nasema yule mbuzi mmoja aliyefuata kundi la watu wengine kwa hiari yake, ambaye mwenyewe anamweleza afisa rangi, pembe, alama ya sikio na tabia, wakati afisa mgeni, aliyehamishwa kutoka mahali penye mvua, anaandika tu: mbuzi, mmoja, mweupe. Kaulimbiu ya polisi ni Utumishi kwa Wote, na kwenye ukurasa huo ndipo utaona kama ilikuwa kweli.

Atakayepinga atasema polisi hawajaisha, basi mbona tuwaweke makumbushoni? Hoja hiyo ina uzito zaidi kuliko inavyoonekana, hasa Turkana. Ulinzi wa kampuni ya Waingereza ulianza Mombasa mwaka 1887, polisi wakaitwa Polisi wa Kenya mwaka 1920, na polisi wa akiba, KPR, wakaundwa mwaka 1948. Sheria ya 2011 imewabadilisha jina, lakini mchungaji bado anawaita KPR, na kwa miaka mingi walilinda mifugo bila mshahara, baadhi yao wakibeba bunduki za Mark Four, silaha ya enzi za Vita Kuu ya Pili. Kwingineko bunduki hiyo ingekuwa ndani ya kioo. Huku ilikuwa begani mwa mzee anayekaa kivulini juu ya kigoda chake, ekicholong, na ukitaka kuipeleka makumbushoni utabidi umwombe kwanza. Hata hivyo kumwona mtu kila siku si kumjua. Kizuizini polisi ndiye huuliza na raia ndiye hujibu, na raia akigeuza utaratibu huo safari yake huwa ndefu. Makumbusho yangekuwa mahali pa kwanza hapa Loima ambapo kazi hizo mbili zimebadilishana wenyewe.

Wa pili atasema polisi wakijenga makumbusho watajisifu. Mimi nahofia zaidi kwamba watayafunga. Polisi wa London wana makumbusho yao ya uhalifu tangu miaka ya 1870, maarufu duniani kote, na raia wa kawaida haruhusiwi kuingia. Ilibidi mwaka 2015 baadhi ya vitu vipelekwe Makumbusho ya London ndipo watu wavione. Ndiyo maana nataka kazi hii ifanyike Lorugum, mbali na makao makuu, ambako KPR ni mjomba wa mtu na hawezi kutundika uongo ukutani bila shangazi kuusahihisha kwa sauti. Kuhusu siri za watu, nakubali: majina yafichwe, na zitolewe kurasa za zamani tu. Ila tusichelewe. Mpango wa kuhamishia OB kwenye kompyuta umeshatangazwa, na kompyuta haitahifadhi doa la chai, mwandiko wa hasira, wala mstari uliokatwa baada ya mbuzi kurudi mwenyewe jioni.

Watakaobisha mwisho ni wenye kuhesabu pesa, wakiuliza nani atatoka Kakuma kuja kusoma madaftari. Watakuja wengi, nina hakika, mradi kila anayelipa kiingilio apewe risiti, kwa kuwa kumlipa polisi na kupewa risiti ni jambo ambalo mtu angesafiri kuliona.