Mhaya Aliyeambiwa Anyenyekee

Mhaya akikuambia hajui kujisifu, mpeleke zahanati akapimwe malaria. Sisi tulikuwa na fasihi kamili ya kujisifu zamani sana, kabla LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, haijazinduliwa Mei 2003. Mwanaume alisimama mbele ya Omukama, yaani mfalme, mkuki mkononi, akataja jina lake, ukoo wake, vita alivyopigana na maadui waliomkimbia, kisha akakaa chini jasho likimtoka. Leo vitabu vya Kiswahili vya sekondari vinaviita vivugo, au majigambo, na mwanafunzi anakariri sifa zake kwa ajili ya mtihani: hutungwa na mhusika mwenyewe, husemwa katika nafsi ya kwanza, na chumvi ni ruksa. Kwa hiyo nilipofungua ukurasa wangu LinkedIn nilijiona mwenyeji. Ile sehemu ya kueleza cheo chako, inayokaa chini ya jina, hupokea herufi 220. Kwa mtu wa Kagera hiyo ni salamu tu, bado hajaanza kuongea.

Kumbe kule watu hujisifu kwa kujificha. Hakuna anayesema amepandishwa cheo. Atasema moyo wake umejaa unyenyekevu kutangaza kwamba safari imemfikisha hatua mpya, kisha atashukuru timu, walezi wake wa kitaaluma, na wale waliomkatisha tamaa, maana nao wamo. Kuna jamaa nilisoma naye chuo ambaye hunyenyekea karibu kila mwezi. Tulilala chumba kimoja hosteli, tukabeba kila aina ya mwanafunzi asiye na kitanda, na naapa unyenyekevu hatukuwahi kuubeba hata usiku mmoja. Hebu fikiria mzee wa zamani amepewa shamba na mfalme, halafu anatoka nje anawaambia watu kwamba anajisikia mdogo sana. Wangemtafutia mganga.

Microsoft waliununua mtandao huu mwaka 2016 kwa dola za Marekani bilioni 26.2. Fedha yote hiyo, na watu waliomo bado wanaona haya kusema kwamba wamepata kazi nzuri na wamefurahi.

Mwenzangu wa idara ya masoko ndiye aliyejitolea kuninyoosha. Alinieleza kwamba simu huonyesha mistari michache tu ya mwanzo, iliyobaki inafichwa mpaka msomaji aguse kuifungua. Umepewa herufi 3,000, lakini usipomnasa mtu pale juu, hizo nyingine utazisoma mwenyewe. Ndiyo maana posti za kule zimekatwakatwa, kila sentensi imeketi peke yake kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Akanionyesha moja iliyokuwa imetembea sana. Ilikuwa hivi, kwa kumbukumbu yangu:

Asubuhi ile nilikuwa na shilingi elfu mbili tu.

Nilikuwa nawahi usaili.

Kwenye daladala ya Mbagala, mzee mmoja hakuwa na nauli.

Nikamlipia.

Nilipoingia chumba cha usaili, nikaishiwa nguvu.

Usijisumbue kukisia. Mzee alikuwa mwenyekiti wa bodi. Mwenzangu alitaka kulia. Mimi nilitaka kuuliza maswali. Mwenyekiti wa bodi gani anapanda daladala ya Mbagala saa moja asubuhi bila nauli? Na kwenye daladala ya Mbagala saa hiyo, ambapo uso wako uko kwapani mwa mtu na mkono wako hujui uko wapi, ulimwona vipi mzee, ukaona na unyonge wake, na ukapata nafasi ya kuingiza mkono mfukoni? Konda mwenyewe hupitisha vidole tu hewani, anapewa chochote. "Hayo siyo ya msingi," akasema mwenzangu. "La msingi ni funzo. Tafuta funzo."

Mimi ni afisa ugavi. Kazi yangu ni makontena, nyaraka za forodha, na kupigiana simu na wakala wa mizigo ambaye yuko njiani tangu asubuhi. Funzo ningelitoa wapi? Bahati nzuri mvua za masika zikanyesha, Jangwani, hapa Dar es Salaam, ikafurika kama kawaida yake, barabara ya Morogoro ikafungwa, nasi tukakaa kwenye foleni mpaka muuza karanga akaanza kutuita kwa majina. Mle ndani ya gari, suruali imekunjwa magotini, nikaandika: "Mambo matano niliyojifunza kuhusu uongozi nikiwa nimekwama Jangwani." La kwanza lilikuwa subira. La pili, kusoma mazingira. La tatu, kuwasikiliza walio chini yako, ingawa waliokuwa chini yangu saa ile walikuwa vyura. La nne na la tano yalikuwa subira tena, kwa maneno mengine.

Ikapokelewa vizuri. Watu nisiowajua wakaandika "Umenena" na "Darasa tosha". Mkurugenzi mmoja wa huko Nairobi akasema jambo la tatu limemgusa. Nikaanza kujibu kila mmoja kwa heshima, nikishukuru kwa mchango wake wa mawazo. Ndipo akaingia mteja wetu, mtu mpole asiyependa makuu, akauliza: "Na mzigo wetu ulioko bandarini, wenyewe umejifunza nini?"

Bosi wangu akaupenda ule ujumbe. Niliona jina lake pale, na alama ya moyo.

Kabla sijapata la kumjibu mteja, akatokea mjomba wangu kutoka Kamachumu, aliyenunuliwa simu janja na binti yake na tangu hapo halali. "Waitu mjomba, hongera kwa mafuriko," aliandika. "Ule mchango wa arusi ya mdogo wako unatuma lini? Kamati inakaa Jumapili." Mkurugenzi wa Nairobi naye akagusa kidole gumba, sijui kwa mafuriko au kwa arusi. Mjomba ana tabia ya kupigia makofi kila kitu. Mtu akitangaza kazi mpya, makofi. Kampuni ikitangaza msiba wa mfanyakazi wake wa siku nyingi, picha nyeusi na nyeupe, mshumaa pembeni, makofi. Nilimpigia kumwomba aitoe ile alama. Akaniuliza kama marehemu hakuwa mtu mwema.

Ni yeye pia aliyemwambia shangazi kwamba nina koneksheni zaidi ya 500. Ndivyo ukurasa unavyosema. Ukishavuka hapo hauendelei kutaja hesabu, unabaki na ile alama ya kujumlisha. Sasa jaribu kumweleza shangazi mtu mzima wa Bukoba, ambaye amesikia maisha yake yote kwamba kazi za Dar es Salaam ni koneksheni, kwamba hao mia tano na ushei wengi wao siwajui, na kwamba mmoja ni mhandisi wa Ureno aliyeniomba urafiki kimakosa. Alikuja na basi. Alikuja na senene kwenye ndoo, na bahasha ya kaki yenye vyeti vya binamu zangu vilivyogongwa mhuri wa wakili. Akaketi sebuleni, akanitazama, akasema hataki makubwa, nimpe wanne tu kati ya wale mia tano, mmoja kwa kila mtoto. Nilipojaribu kufafanua, akaniuliza kama hao watu nawahifadhi kwa ajili ya ukoo wa mke wangu.

Senene tulikula.

Wiki hiyohiyo mjomba akaamua kuandika posti yake ya kwanza. Hakumuuliza mtu wa masoko. Hakutafuta funzo, hakukata mistari, hakumshukuru aliyemkatisha tamaa, na picha aliyoweka amesimama mbele ya migomba akiwa na koti la arusini na panga. Aliandika kwa pumzi moja kwamba yeye ni mzee wa Kamachumu, ana migomba na kahawa, amejenga kwa bati nyumba ya mama yake kabla ya yake, amesomesha watoto wote hadi chuo pamoja na wa marehemu kaka yake, hadaiwi na mtu, ng'ombe wake wanajulikana, na anayebisha aende akaone.

Sijapata kuona posti ikitembea namna ile. Wakurugenzi walimpigia makofi. Jamaa yangu wa hosteli, mwenyekiti wa unyenyekevu, akaandika kwamba amekaa kimya dakika nzima. Kuna watu wa kutafutia makampuni mameneja wamemtumia mjomba ujumbe wa faragha, wakitaka kujua kama anaweza kuhamia Nairobi. Amewajibu kwamba hawezi, kahawa iko karibu kuvunwa, ila wao wakitaka kuhamia Kamachumu waje, vibarua anawahitaji.