Picha Tano za Delaroche, Kuanzia ya Mkiani

Mfaransa Paul Delaroche (1797–1856) alipenda kuchora wakubwa wa kihistoria wakiwa matatani. Ustadi wake ulikuwa kuchagua dakika: pigo lenyewe halichori, anakuweka kabla au baada yake, uhangaike. Nimezipanga kazi zake kwa haki kabisa. Bisheni.

5. Nusu duara ya École des Beaux-Arts, Paris (1841). Ukuta wa mita 27 hivi, wasanii zaidi ya 70 wa karne mbalimbali wamekaa wakipiga soga. Ni picha ya harusi isiyo na bibi harusi. Hukumu: watu wengi, tukio hakuna.

4. Napoleon akivuka Alps (1848). Mchoraji mwenzake David alimpa farasi aliyesimama kwa miguu miwili, joho linapepea. Delaroche kamshusha, kampandisha nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, anayeongozwa na mwenyeji wa milimani. Na kweli, mwaka 1800 alivuka hivyo! Hukumu: nyumbu kashinda. Napoleon huyu anasikia baridi kama sisi.

3. Kuuawa kwa Duke wa Guise (1834). Maiti iko kulia, wauaji wamebanana kushoto, katikati sakafu tupu. Mfalme Henri III wa Ufaransa, aliyeagiza mauaji, anachungulia kuhakikisha jamaa kafa kweli. Hukumu: sinema, miaka 60 kabla ya sinema.

2. Wana wa Edward (1830). Watoto wawili wa Mfalme Edward wa Uingereza kitandani, Mnara wa London, wakisubiri kuuawa. Muuaji haonekani. Mbwa mdogo ndiye aliyeshtuka, anakodolea mlango wenye mwanga chini yake. Hukumu: mbwa alipwe mshahara.

1. Kukatwa kichwa kwa Lady Jane Grey (1833). Malkia wa Uingereza wa siku tisa, kitambaa machoni, anapapasa hewani akitafuta gogo la kuwekea shingo. Wanahistoria wanakuja juu: mwaka 1554 aliuawa nje, hapa yumo ndani, tena kavaa nyeupe. Sawa, Delaroche kaongeza chumvi. Lakini itazame mikono ile, halafu uniambie habari za hali ya hewa! Hata picha yenyewe ilidhaniwa imeharibiwa na mafuriko ya Mto Thames mwaka 1928; ikaja kukutwa imeviringishwa mwaka 1973, nzima. Sasa iko National Gallery, London. Hukumu: kiti cha enzi ni chake, na safari hii hang'oki baada ya siku tisa.

Anayetaka mbwa apande namba moja alete hoja, nitamsikiliza. Wa nusu duara, kaa chini.