Mwalimu, Naomba Kwenda

Zamani huku Likoni mtoto alipimiwa shule kwa sikio. Mkono wa kulia upite juu ya utosi, ushike sikio la kushoto. Ukifika, darasani, usipofika, rudi ukacheze. Siku hizi kuingia chekechea, PP1, ni miaka 4 na cheti cha kuzaliwa mkononi, ila mamangu hajaupokea mtaala huu ulioanza 2017. Alimwita mjukuu wake, mwanangu, uani akampima. Kijana akainamisha kichwa mpaka begani, akalinasa sikio.

"Huyu aiba!" akasema bibi yake. Kisha akafikiri. "Basi yuko tayari."

Shule nayo ikatupa orodha: daftari, kalamu za rangi, karatasi za msalani, sare, na sweta. Sweta! Januari, kaskazi imepamba moto, mbuzi wa Mtongwe wenyewe wagombania kivuli. Aliyeitunga orodha ile naamini alizaliwa Limuru. Lakini nani amewahi kubishana na orodha ya shule akashinda? Nilinunua. Viatu nikachukua vilivyomzidi, ncha nikajaza pamba.

Kilichonikosesha usingizi ni msala. Atamwambiaje mwalimu? Basi nikawa mwalimu mimi, sebuleni, kila jioni: inua mkono, sema "Mwalimu, naomba kwenda msalani," ngoja ruhusa. Alishika somo kupita kiasi. Akawa haendi pasi na ruhusa hata nyumbani. Usiku wa manane nagutuka, namkuta kando ya kitanda gizani, mkono juu, angoja. Hadi ulimi wangu upate fahamu niseme "nenda", mkeka umeshalowa.

Siku ya kuvuka kwenda mjini kununua sare, feri ilikuwa imeshiba. Wa miguu hatulipi, kwa hivyo hatuachi nafasi. Katikati ya mkondo, mkono ukainuka.

"Mwalimu, naomba kwenda msalani."

"Subiri tufike ng'ambo, baba."

Mkono haukushuka. Watu wakaanza kusogea, na mimi sikujua kwamba feri ya asubuhi ina nafasi ya kusogea. Mzee mmoja mwenye baiskeli akanigeukia: "Mwalimu, mpe ruhusa mtoto, utatuponza!"

Siku ya kufungua shule aliingia darasani bila chozi, sweta hadi shingoni, jasho likimtiririka. Kuivua alikataa kwa sababu ina beji. Mimi nikashika njia ya sokoni nikijipongeza kimoyomoyo. Sijamaliza kuchagua nyanya, simu ikalia.

"Mama, huyu mtoto ameinua mkono tangu saa mbili," akasema mwalimu. "Nikimruhusu haendi. Asema mimi si mwalimu. Mwalimu yuko nyumbani."

"Weka spika," nikamwambia.

Muuza nyanya akatulia, wateja nao wakatulia.

"Nenda!" nikapaza sauti.

Nilisikia viatu vikubwa vikikimbia.