Fungu la Buku

Soko la Pasua, hapa Moshi, halina shida na mizani. Mizani inakaa buchani na dukani kwa mangi. Kwingine kote ni debe, sado, kopo na mfalme wa vipimo vyote, fungu. Nyanya ni fungu, vitunguu fungu, karoti fungu, ndimu fungu.

Fungu la nyanya lina ufundi wake. Nne zinakaa chini, moja inakaa juu: nyekundu, imara, imepanguswa kwa kanga mpaka inang'aa. Hiyo ya juu ndiyo inayokuita. Zile za chini mtafahamiana nyumbani. Na bei haipandi ng'o! Mvua ije, jua liwake, fungu ni buku. Kinachopanda na kushuka ni fungu lenyewe. Nyanya zikiadimika, buku hiyohiyo inabeba nyanya tatu zenye ukubwa wa ndimu, na ukiguna unaulizwa, "Kwani hilo si fungu, baba?"

Karne ya 4 kabla ya Kristo, Mgiriki mmoja aitwaye Eubulides wa Mileto aliwatesa wenzake kwa swali hilohilo. Punje moja si lundo. Ukiongeza ya pili, bado. Basi lundo linaanzia punje ya ngapi? Wanafalsafa wanakuna vichwa hadi leo. Angefika Pasua angejibiwa papo hapo: lundo linaanzia pale mwenye mali aliposema ni lundo, na kama hanunui awapishe wateja.

Jirani yangu, mtu wa misimamo, aliapa kwamba haibiwi tena. Alipofika sokoni hakugusa nyanya ya juu. Akachomoa ya chini aikague. Fungu likaporomoka, likalisukuma la pili, la pili likaamsha la tatu, na nyanya zikatawanyika hadi barabarani, ambako bajaji ilimaliza kazi. Alilipa yote. Kuomba nyongeza hakuacha, maana mteja ni mteja, akapewa nyanya iliyopasuka. Alipolalamika, mama wa watu akamjibu bila kuinua macho, "Hapa ni Pasua, kaka. Ulitegemea nini?"

Kwenye mitumba rundo lina hatari nyingine. Asubuhi moja ya Julai, Moshi ikiwa na baridi yake ile ya kuuma, nilivua sweta nijaribu koti, nikaliweka sweta pembeni ya nguo zilizomwagwa kwenye turubai. Ninageuka, dada mmoja amelishika, anakagua kwapa. "Hili limechoka," anamwambia muuzaji, "nipe kwa buku." Muuzaji akakubali! Nikapiga kelele kwamba ni langu. "Hapa kila anayeshika anasema ni lake," akanijibu kwa upole. Ikabidi nipande dau hadi buku jero. Hela haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba dada yule hakuona sababu ya kufika huko.

Lakini ukitaka kuona fungu linavyobadilika tabia, lifuate hadi shambani. Kwa mkulima lundo halipungui, linazidi. Sheria inataka gunia la mazao lisipite kilo 100, ila mnunuzi wa jumla analijaza hadi mdomoni, kisha analivika kilemba cha viazi na kukishona kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa kwa gunia, kwa hiyo kilemba kinaondoka bure. Kiazi hichohicho kikifika mjini kinavuliwa kilemba na kupangwa kwenye sado, wakati mwingine sado iliyobonyezwa kitako ili ishibe mapema. Anayelima anatoa cha ziada, anayekula anapata pungufu, na njiani hapo kuna mtu ananenepa. Mama wa nyanya simlaumu sana. Naye tenga alilinunua kwa macho, bila kujua chini kumelala nini.

Wakala wa Vipimo umepambana na lumbesa miaka mingi, na bado magunia yenye vilemba yanapita barabarani. Siku mkiishinda, ndugu zangu, tunaomba mshuke Pasua na mizani yenu mtupimie fungu. Njooni asubuhi, kabla nyanya nzuri hazijapandishwa juu. Na mkipitia mitumbani, msivue masweta.