Nshomile wa Wiki Tatu: Namna ya Kurudia Kemia Bila Kuigusa

Zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne, na wewe mtahiniwa wa Bukoba au Muleba una daftari la Kemia ambalo bado linanukia duka. Usihofu. Sisi watu wa Kagera tumeitwa manshomile nchi nzima kwa sababu ya neno moja la Kihaya, nshomile, yaani nimesoma. Litazame vizuri neno hilo. Halisemi nilisoma nini, halisemi lini, wala halitaji kama nilielewa. Hapo ndipo mwongozo huu unapojenga nyumba yake.

Naandika kwa uzoefu. Nilifanya mtihani huo katika shule moja ya wilaya ya Muleba ambayo sitaitaja kwa kuwa haina kosa lolote. Kosa lilikuwa la mbinu, na mbinu ndizo hizi.

Anza na ratiba. Mtu asiye na ratiba anaweza kujikuta anafanya swali kwa bahati mbaya. Tafuta rula, karatasi kubwa na kalamu nne za rangi. Dhana ya moli iwekee saa kumi alfajiri, saa ambayo hata jogoo wa Nshamba bado anajishauri. Ugumu wa maji uende Jumatano, elektrolisisi Ijumaa, kemia ya udongo siku yoyote utakayokuwa umechoka. Siku ya kwanza nzima ichore. Siku ya pili, mvua ya Bukoba, ambayo kwa mwaka hufika milimita elfu mbili hivi, itapita dirishani na kuilowesha. Siku ya tatu ichore upya. Tayari umekula siku tatu za marudio na hakuna anayeweza kukuita mvivu.

Zile kalamu usizitupe. Rangi ya njano pigia mistari ya muhimu, pinki ya muhimu zaidi, kijani ya yale usiyoyaelewa, na ya machungwa ya yale ambayo mwalimu aliyasema huku akikutazama. Ukurasa ukishafanana na kanga ya harusini, fungua unaofuata.

Sasa tuje kwenye maswali yenyewe, maana Kemia ya Necta haipiti bila hesabu. Nunua kitabu cha pepa za nyuma, lakini hakikisha kina majibu, tena majibu yaliyofanywa hatua kwa hatua. Hili ni sharti. Soma swali, kisha upesi, kabla ubongo haujapata nafasi ya kusumbuka, shusha macho kwenye jibu. Litazame. Tikisa kichwa. Sema: “Kumbe!” Nenda swali la pili.

Neno “kumbe” ndilo kipimo cha marudio ya namna hii. Kumbe kumi kwa saa ni kasi ya wastani. Mwenzangu mmoja wa bwenini alikuwa akifikisha arobaini. Ni neno tamu sana. Linakupa joto la mtu aliyeelewa bila gharama ya kuelewa. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba halibebeki: ukikifunga kitabu, linabaki humo ndani na jibu lake.

Chukua mfano. Swali linasema sentimita za ujazo 25 za sodiamu kaboneti yenye molari 0.1 zimemalizwa na sentimita za ujazo 20 za asidi ya hidrokloriki. Tafuta molari ya asidi. Kwenye kitabu jibu ni 0.25, nawe unaliona na kukubali kwa moyo wote. Sasa funika jibu kwa kiganja, uanze mwenyewe. Ishirini na tano unazidisha kwa 0.1, unagawa kwa 20, unapata 0.125, unapigia mstari mara mbili na kutabasamu. Umepata nusu kamili ya jibu. Kilichokuponyoka ni ile 2 ndogo iliyosimama mbele ya HCl kwenye mlinganyo, kwa sababu kila kaboneti moja inakula asidi mbili. Uliiona ile 2 mara thelathini kwenye majibu ya kitabu, na mara zote thelathini uliisalimia tu, ukapita. Kwa hiyo, mtahiniwa mpendwa, usifunike jibu kwa kiganja hata siku moja. Mambo ya kujiaibisha hayo.

Ukichoka kujisomea peke yako, kuna diskasheni. Kusanyikeni saba chini ya mparachichi. Mmoja ashike chaki na kusolvu, kama wasemavyo wenyewe, sita waliobaki waseme “eeh” kwa zamu. Hakikisha wewe si yule mwenye chaki. Yule anatoka jasho, anakosea mbele za watu, anafuta, anaanza upya. Kwa ufupi anateseka. Matokeo yakitoka na yeye akawa na B huku nyie sita mna D na F, semeni ana akili za kuzaliwa.

Hapa niweke pembeni kidogo habari ya bibi yangu wa Kamachumu, kwa sababu ndiye aliyekaribia kuharibu mwongozo huu wote.

Likizo moja alinipa kazi ya kulinda dumu la lita 20 la rubisi. Ndizi mbivu zilikuwa zimekwisha kukamuliwa, mtama umetiwa, na pombe ilikuwa bado inachemka ilipohamishiwa kwenye dumu asubuhi ile. Nilikaa kando yake na daftari nikikariri mlinganyo wa uchachushaji: glukosi moja inatoa ethanoli mbili na kaboni dayoksaidi mbili. Niliusema kwa sauti kama kasida. Na ili rubisi ya watu isimwagike, nilikaza kizibo kwa mikono miwili.

Kufika adhuhuri dumu lilikuwa limevimba mbavu kama mbuzi aliyekula mahindi mabichi. Bibi akatokea shambani, akalitazama, akanitazama.

“Mjukuu, nani kalifunga hivi?”

“Mimi, bibi. Nimekaza isimwagike.”

“Isimwagike, au isipumue?”

Akazungusha kizibo kidogo kidogo, pombe ikatoa mluzi mrefu, povu likapanda mpaka mdomoni na kutulia. Akakiacha kimelegea nusu mzunguko. Kisha akaokota daftari langu, akaligeuza juu chini, akanirudishia. “Waitu,” akasema, na sijui alimwambia nani maana tulikuwa wawili tu, “na huyu ndiye tunayemlipia ada.”

Miaka mingi baadaye ndipo nilipochukua kalamu na kulifanya lile dumu kama swali. Tuseme lilikuwa na kilo 1.8 za sukari, na zote ni glukosi. Moli moja ya glukosi ni gramu 180, basi zilikuwamo moli 10. Zikichachuka zote zinatoa moli 20 za ethanoli, ambazo ni gramu 920 za kilevi, na moli 20 za kaboni dayoksaidi. Kila moli ya gesi katika halijoto na kanieneo sanifu inachukua lita 22.4, kwa hiyo jumla ni lita 448. Yaani gesi ya kujaza madumu 22 na zaidi ilikuwa inatafuta mlango ndani ya dumu moja lililojaa tayari, na mimi nimekalia mlango huo nikikariri namba 2 iliyosimama mbele ya CO2. Bibi hakuwa na moli hata moja kichwani. Alikuwa na madumu mengi nyuma yake, na inawezekana moja liliwahi kumpasukia.

Usiige mfano huo. Tuendelee.

Kariri namba. Kariri kwamba haidrojeni ni 1, kaboni 12, oksijeni 16, sodiamu 23. Kariri namba ya Avogadro, 6.02 mara kumi kwa kipeo cha 23. Kariri 22.4, kariri kulombi 96,500 za Faraday moja. Ziandike kwenye mlango wa choo, ziimbe ukioga, jisikilize ukiwa kwenye Hiace kutoka Muleba hadi Bukoba mjini, uwe umezimaliza zote kabla ya kufika Kemondo. Kazi hii ina heshima yake, na uzuri wake utauona siku ya mtihani: namba hizo zimezoeleka kuchapishwa na Necta kwenye karatasi yenyewe ya maswali. Wanakupa namba. Wasichokupa ni cha kuzifanyia.

Kwenye vitendo nitapita haraka. Byureti ina mistari ya sehemu ya kumi ya sentimita ya ujazo, na macho ya binadamu hayakuumbwa kwa mistari hiyo, kwa hiyo utapika. Kupika ni sanaa ya kujaza jedwali kwa mawazo. Mpishi mbichi anaandika 20.00, 20.00 na 20.00, na msahihishaji anajua hakuna mkono wa mtu uliowahi kufanya hivyo. Na kama nyumbani kuna jivu la maganda ya ndizi na limau moja, usithubutu kulidondoshea jivu maji ya limau. Litatoa povu, utajua kuna kaboneti, na utakuwa umefanya nusu ya uchunguzi wa chumvi jikoni, bure, bila koti jeupe.

Mada ya kutenga chuma na mawe yake ikaririwe kwa mchoro wa tanuru la Ulaya, tena mchoro wenye mishale. Usiende Katuruka, pale Maruku, japo kutoka Bukoba mjini ni safari fupi ya bodaboda. Ukienda utakuta kumbukumbu za wahunzi wa Kihaya, ambao babu zao walikuwa wakiyeyusha chuma mahali hapo tangu miaka kama elfu mbili iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science la Marekani kwamba wahunzi hao walikuwa wakitoa chuma chenye kaboni, na kwamba mabomba yao ya udongo yaliingizwa ndani kabisa ya tanuru, hewa ya mivukuto ikapata moto kabla ya kufikia mkaa. Huko Uskochi, James Neilson alichukua hataza ya mbinu kama hiyo ya hewa ya moto mwaka 1828. Ukiyajua haya utaanza kujiuliza kwa nini hewa ya moto inapandisha joto la tanuru, kisha kaboni monoksaidi inafanya nini kwenye mawe ya chuma, kisha utausawazisha mlinganyo wewe mwenyewe, na ratiba yako itavurugika. Bakia na mishale.

Jambo la mwisho ni usiku wa kuamkia pepa. Mtihani wa Kidato cha Nne unaangukia Novemba, na Novemba hapa kwetu ni mwezi wa senene. Sidhani waliopanga kalenda waliwahi kulala Bukoba. Senene wakishuka, mji mzima unatoka nje. Taa kali zinawashwa, mabati yanasimamishwa, mapipa yanapangwa chini, na watu wanakesha. Nenda na wewe, na daftari lako kwapani. Sababu unayo, tena ya kitaaluma: mwanga wa pale ni mkali kuliko wa prepo. Tafuna akamwani ili usisinzie. Kahawa ile ina kafeini, C8H10N4O2, moli moja gramu 194, na ukiweza kuithibitisha namba hiyo kwa vidole hapo hapo chini ya taa, basi umefanya swali moja zaidi ya yote niliyofanya mimi wiki zile tatu. Mimi nilirudi saa tisa usiku na nusu gunia la senene, na usiku uliobaki niliumaliza nikiwanyonyoa mbawa.

Asubuhi ingia chumbani. Geuza karatasi. Utalitambua swali la moli mara moja, kama unavyomtambua jirani, sura unaijua kabisa na jina limekutoka. Tafuta jibu chini yake. Halipo, pameachwa nafasi nyeupe, safi, ya kwako. “Kumbe” haitakuja. Itakuja saa tatu baadaye, nje, mwenye chaki atakapokuwa anawaeleza wenzake kwamba ilibidi kuzidisha kwa mbili, na sauti sita zitaitika kwa pamoja. Mojawapo ilikuwa yangu. Nilipata D.

Ukishindwa yote, shika walau hili, ambalo lipo katika maelekezo ya mtihani na ambalo nililisoma nikiwa nimekwisha kuketi: majibu yaandikwe kwa wino wa bluu au mweusi, na michoro kwa penseli. Zile kalamu nne za rangi hazitakiwi.