Majirani Wasiokwisha Kuamkiana

Miongoni mwa mitihani ambayo binadamu wameiingia kwa hiari yao, bila ya kulazimishwa na kadhi wala sultani, sijui mmoja ushindao kwa ukaidi ule wa mafundi wa mitandao ya kompyuta uitwao CCIE, ulioanzishwa na kampuni ya Cisco mwaka 1993, ambao mtahiniwa hatakiwi kueleza mtandao ni kitu gani, bali hukalishwa mbele ya mtandao wenyewe, ruta na swichi zake nusu hazijaunganishwa na nusu zimeharibiwa makusudi na watu wenye elimu kubwa, kisha akaambiwa autengeneze kabla ya jua kuchwa. Muda wake ni saa nane. Wazee wa kazi hii hutucheka watusikiapo tukilalamika, kwa kuwa hadi mwaka 2001 mtihani huo ulikuwa wa siku mbili, na yule ambaye siku ya kwanza haikumwendea vyema hakuruhusiwa hata kurudi ya pili akaaibika kwa ukamilifu.

Chumba cha kufanyia mtihani huu hakipatikani kila mji, na sisi wa Mombasa chetu kiko Dubai. Ni safari ambayo babu zetu waliifanya kwa jahazi wakiungojea upepo wa kusi, na ambayo hivi leo maneno yetu huifanya peke yao chini ya bahari, maana waya wa TEAMS uliofika Mombasa mwaka 2009 umetandazwa kutoka Fujairah, upande wa pili wa nchi hiyo hiyo ya Imarati. Kwa fadhila ya waya huo, kabla sijafunga mkanda wa ndege salamu zangu kwa ami yangu aishiye mtaa wa Deira huko Dubai zilikuwa zimekwisha kufika, zimesomwa na kujibiwa kwa orodha ya mabuyu, achari ya maembe na kachiri za muhogo, ilhali mizigo yangu imekwisha kupimwa.

Usiku wa kuamkia mtihani niliazima kompyuta ya mjukuu wa Ami ili nivizoeze vidole. Kibodi yake, kama zilivyo nyingi za huko, ilikuwa na herufi za Kiarabu kandokando ya zile za Kizungu, na mna vitufe viwili upande wa kushoto ambavyo vikibonyezwa pamoja hugeuza mambo yote. Nikaandika amri ya show, ambayo fundi wa ruta huiandika mara nyingi kuliko jina la baba yake, nayo ikajitokeza upande wa kulia wa kioo: sini, alifu, kha, swadi. Nilisoma chuoni, herufi hizo nazijua barabara, nami nikazisoma kwa sauti. Wallahi hazikuwa na maana katika Kiarabu wala katika lugha ya ruta. Ami, aliyekuwa amesimama nyuma ya bega langu na kikombe cha chai mkononi, alifurahi kupita kiasi.

"Alhamdulillahi!" akasema. "Kumbe na vyombo hivi vimesomeshwa! Sasa waogopani, mwanangu?"

"Ami, chombo hiki hakifahamu hata neno moja nikiambialo."

"Hata maalimu wako wa chuoni alikuwa akisema hivyo hivyo juu yako."

Wafanyao mtihani huu hula yamini ya kutotoa siri zake, kwa hiyo nitakayoyasimulia ni yale ambayo ruta huyatenda popote duniani, mtihani uwepo usiwepo. Saa tatu za mwanzo hugusi kitu. Unasoma tu barua za kampuni isiyokuwepo duniani na kutazama michoro ya mtandao wake, ukiulizwa ungefanyaje lau ungekuwa wewe mwenye dhamana, na kila swali ulijibulo mlango wake hufungwa nyuma yako, hata ukumbuke jibu sahihi hatua moja tu baadaye. Ndipo huanza zile saa tano za kutenda, na adha yenyewe.

Kuna itifaki iitwayo OSPF, ambayo kwayo ruta hufahamiana na kupashana habari za njia. Ruta mbili zilizopakana kwa waya hutenda kama wazee wa Mji wa Kale wakutanapo kichochoroni: haiwezekani kamwe kuingia katika neno la maana kabla ya kuamkiana. Kila sekunde 10 huyu humsalimu mwenziwe na mwenziwe humjibu. Zikipita sekunde 40 pasi na salamu, jirani huhesabiwa kuwa amefariki, wala hakuna matanga. Wakishatambuana huulizana nani mkubwa wa kutangulia kusema, kisha ndipo wafunguliane madaftari yao ya njia. Sasa, katika ukurasa wa kwanza wa kila daftari ruta huandika ukubwa wa pakiti iwezayo kuipokea, na ikiwa mmoja ameandika baiti 1500 na mwenziwe hawezi kuzidi 1400, huyu wa pili huukataa ukurasa ule kimyakimya. Hakasiriki wala hasemi sababu. Salamu, kwa kuwa ni fupi, zaendelea kupita bila ya tabu. Lakini ujirani umekwama katika daraja iitwayo ExStart, na humo utabakia hadi Kiyama.

Wangu walikwama humo. Nilitazama kioo, nikaandika show, nikaona ExStart. Nikavuta pumzi, nikaandika tena, nikaona ExStart. Kushoto kwangu aliketi kijana ambaye tangu dakika ya kwanza alikuwa akibonyeza kibodi pasi na kupumzika, nami kila nikisikia vitufe vyake tumbo langu lilizidi kuporomoka, nikihesabu kwamba mwenzangu amekwisha kufika swali la mwisho. Wakati wa chakula nikamwuliza kwa taadhima ametumia hila gani. Kumbe alikuwa akifanya mtihani mwingine kabisa, wa usalama wa mitandao, na yeye ndiye aliyeingiwa na hofu kwa ajili yangu: aliniona nimekaa kitako, mikono nimeikunja, nakitazama kioo kwa utulivu mkubwa, akadhani nimekwisha maliza.

Kilichonichoma zaidi nilipokuwa nimekaa kitako hivyo ni kufikiri asili ya mambo haya. Hesabu ambayo OSPF huitumia kutafuta njia iliyo fupi ilibuniwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956, naye alisimulia mwenyewe kwamba aliibuni kwa muda wa dakika kama ishirini, ameketi na mchumba wake mkahawani Amsterdam, wakinywa kahawa baada ya kuchoka madukani. Na itifaki ya BGP, ambayo ndiyo iunganishayo mitandao yote ya dunia hivi leo, ilichorwa mwaka 1989 na Yakov Rekhter na Kirk Lougheed, wakati wa chakula cha mchana, juu ya karatasi za kujipangusia mikono. Basi walioyatunga walikuwa wamekula, wamekunywa, na mmoja wao ana mchumba ubavuni. Na sisi tunaotahiniwa kwayo tunakalishwa katika baridi ile iliyomo ndani ya kila jengo la Dubai, mbele yetu karatasi tupu na kalamu za rangi. Kama ningeulizwa, ningeshauri mtihani ufanyiwe barazani, kahawa chungu ikipita na kashata. Sikuulizwa.

Baada ya chakula nilisawazisha ukubwa wa pakiti pande zote mbili, na kufumba na kufumbua majirani wakafunguliana madaftari, wakafikia daraja ya Full na kuishi kwa amani. Yaliyosalia sitayasimulia.

Majibu hayatolewi papo hapo, huletwa kwa barua pepe, na afauluye hupewa nambari yake mwenyewe asiyopewa mwingine. Hesabu hiyo ilianzia 1024, na nambari ya kwanza hakupewa mtu: walikipa chumba cha mtihani. Wa 1025 alikuwa Stuart Biggs, mtungaji wa maswali, na Terry Slattery, aliyekuwa wa kwanza kuufanya akafuzu, ndiye wa 1026. Yaani chumba kilifaulu kabla ya binadamu yeyote, na hata hivi leo kiko mbele yangu.

Barua ilinifikia sebuleni kwa Ami, naye, kabla sijaisoma mara ya pili, alikuwa amekwisha mpigia simu dada yake Mombasa kumweleza kwamba Dubai wamenipa nambari. Ilivyo ni kuwa katika mji ule nambari za magari hupigwa mnada, na mwaka 2023 moja iliyoandikwa P 7 ilinunuliwa kwa dirham milioni 55, habari ambayo Mji wa Kale mzima waijua. Shangazi akaomba apewe mimi.

"Hongera, mwanangu. Ina tarakimu ngapi?"

"Tano, shangazi."

Akanyamaza kidogo. "Tano? Basi hiyo hata usihangaike kuiuza. Mwachie ami yako aitie kwenye gari lake."